Sauti ya Juu

"Kuna kitu umekitoa humu ndani," Nota alisema, akaitua mashine ya gemu juu ya meza ya fundi kwa kishindo. "Nirudishie changu, yaishe."

Fundi hakuinua kichwa papo hapo. Alikuwa na kichomeo mkononi, na tone la risasi lilikuwa bado laini kwenye ncha yake. Ni hiyo risasi ya kuunganishia nyaya iliyompa jina. Mtaa mzima ulimwita Risasi, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kinywani mwa mama yake tu. Mbele ya kibanda walisimama wateja: mama mmoja aliyekumbatia redio, kijana mwenye simu iliyopasuka kioo, na bwana mmoja aliyeleta pasi yake ya umeme.

"Karibu, shemeji," Risasi alisema. "Siku hizi salamu zimepanda bei?"

"Sauti ya juu haipo. Mashine hii ina sauti nne, wewe umenirudishia tatu."

Mashine zile, kongwe kuliko kijana yule mwenye simu, zilizaliwa na sauti nne basi. Mbili za kuimba, moja ya besi, na moja ya kuchacharika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Waliotunga muziki wa gemu enzi hizo hawakupewa zaidi ya hapo, na katika hizo nne walitakiwa watoe vita, mvua, ushindi na kilio. Nota aliwapenda watunzi wale, ambao wengi wao hata majina hayakuandikwa kwenye kaseti za gemu, kama mtu anavyowapenda ndugu wa damu. Sauti ya kwanza, ile ya juu, ndiyo iliyobeba wimbo. Ikiondoka hiyo, kinachobaki ni nyumba isiyo na paa.

Mashine yenyewe ilikuwa imekufa miaka kadhaa, na Risasi ndiye aliyeifufua wiki hiyo. Sasa aliichomeka kwenye spika, akatia kaseti, akabonyeza. Muziki ukatoka. Sauti ya juu ilikimbia juu ya nyingine, nyepesi na kali, na yule mama wa redio akaanza kutikisa kichwa bila kujijua.

"Hiyo hapo," Risasi alisema.

"Hiyo hapo nini?"

"Sauti yako. Si inalia?"

Nota aliinama mpaka sikio likagusa spika. Alisikia besi ikitembea. Alisikia mchanga. Alisikia sauti ya pili ikisindikiza mtu asiyekuwepo. Mara mojamoja wimbo ulishuka karibu naye, akaudaka, kisha ukapanda tena na kupotea.

"Unanifanya mtoto," alisema. "Umetoa chipu ya asili ukanipachikia ya bandia. Najua zinatafutwa hizo."

"Shemeji, mimi nimebadilisha njia ya umeme tu. Muulize hata huyu mama."

"Mimi nasikia vizuri," mama alisema. "Tena inapendeza."

"Mama, usiingilie. Hujui hata unachosikiliza." Nota alichomoa waya, akaikwapua mashine. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi ni mwizi, hata akiwa ndugu wa mke!"

Alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. Wapita njia walisimama. Risasi alikuwa akitafuta jibu la kumpa shemeji bila kumvunjia heshima dada yake. Ndipo alipoona yule bwana wa pasi akinyoosha mkono polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana, akaichukua pasi yake mezani na kuondoka nayo.

*

Habari ilifika nyumbani kabla ya Nota. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa kuwa nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamepitia mikononi mwake, wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu. Alimpokea mlangoni.

"Umemwita kaka yangu mwizi."

"Nimemwita anavyostahili."

"Mbele ya wateja wake, Baba Chiriku! Yule ndiye aliyebeba kitanda chetu mgongoni siku tunahamia hapa."

"Kwa hiyo aliyebeba kitanda ana ruhusa ya kubeba na vyangu?"

Binti yao wa miaka sita alikuwa sakafuni akichora. Walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na breki mdomoni tangu alipojua kusema. "Baba, mjomba atakuja Jumamosi kukuona ukipiga?" aliuliza. Nota alimpita. Chiriku akauliza tena.

"Ukitaka kusema, sema!" Nota alimgeukia. "Kila siku unanong'ona kama panya."

Mtoto hakuwa amenong'ona. Alimtazama mama yake, kisha akarudi kwenye mchoro wake. Mwalimu aliliona hilo akalihesabu pamoja na mengine. Kwa muda mrefu alikuwa akiamini kwamba mumewe amekuwa mtu wa kiburi. Alimwita kutoka jikoni mara mbili, mara tatu, hakuitika. Alimsimulia jambo zito gizani kitandani, akajibiwa, "Sawa," kwa jambo lisilotaka sawa. Mwanzoni aliumia, halafu akachoka, halafu akazoea, na mazoea hayo yalikuwa mabaya kuliko maumivu.

Nota alipita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia lililogawa chumba chao cha kulala. Huko ndiko kulikuwa na rafu ya mashine zake. Alizikusanya vibanda vya gemu vilipofungwa kimoja baada ya kingine, wenyewe wakizitupa au kuwapa watoto wachezee kama matofali. Kaseti zilikuwa zinakufa. Betri zake za ndani zilivuja, meno ya shaba yakaota kutu. Nota alizisafisha kwa spiriti na pamba, akazirekodi moja moja kutoka kwenye mashine yenyewe, kwa sababu kila mashine huimba kwa koo lake. Kisha aliziweka kwenye mtandao, bure. Watu wa mbali, asiowajua wala hatawajua, walizisikiliza. Mmoja aliwahi kumwandikia kwamba alikuwa amemrudishia vyumba vya nyumba ya utotoni, na Nota alimsomea Mwalimu maneno hayo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma kiapo.

Na alipiga pia. Alikuwa na vimashine viwili vya mkononi ambavyo alitungia nyimbo zake kwa vidole gumba. Jumamosi hiyo ukumbi wa vijana ulimwalika apige mbele ya watu.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kwa kama miaka miwili hivi alikuwa akiona kwamba mashine zake zote zinadhoofika mahali pamoja, kwenye sauti ya juu. Akasema ni uzee wa chipu. Kila aliporekodi aliipandisha ile sauti mpaka ikakaa sawa, akaridhika kwamba ameiokoa. Hakupata kumwambia mtu. Daktari hatangazi siri za wagonjwa wake.

*

Kiwandani alikofanya kazi Nota, mitambo ya kufuma magunia ilisimama kwa safu kutoka ukuta hadi ukuta. Ikiwashwa yote, sakafu ilitetemeka na meno yakagongana. Watu walizungumza kwa mikono na nyusi. Vizibo vya masikio viliwahi kuonekana siku walipokuja wageni wenye kofia nyeupe. Viligawiwa asubuhi, vikakusanywa jioni, vikarudi kabatini kusubiri wageni wengine.

Jirani ya Nota alifanya kazi mzee mmoja aliyekuwepo tangu mitambo inasimikwa. Walimwita Mzee Eeh, kwa sababu neno lolote aliloambiwa alilijibu, "Eeh?" Vijana walimchezea. Walimwambia kwa uso wa huzuni kwamba nyumba yake inaungua, akajibu, "Eeh, asante." Nota alicheka pamoja nao. Ijumaa ya wiki hiyo msimamizi alipita nyuma yake akimwita, akamwita tena, mwisho akamgusa bega kwa ncha ya kalamu.

"Umeanza kuwa mkubwa, siyo? Unaitwa huitiki."

"Kelele, bosi."

"Kelele ipo kwa wote," msimamizi alisema, akaenda zake. Ofisi yake ilikuwa na madirisha ya vioo viwili vya kuzuia kelele, na zulia.

*

Mwalimu alikwenda ukumbini kwa ajili ya Chiriku tu. Hawakuwa wakisemezana na mumewe tangu ugomvi ule, isipokuwa "chumvi" na "funga mlango". Vijana walikuwa wamejaa, wengine wamekuja kucheka, wengine kwa sababu mlangoni hapakuwa na kiingilio. Jina la Nota lilikuwa limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Alianza vizuri. Besi ilipiga kifua, mchanga ukamwagika kwa mpango, na vichwa vikaanza kucheza. Msichana mmoja aliyekuwa karibu na Mwalimu alisema, "Kumbe huyu mzee yuko vizuri," na Mwalimu, licha ya hasira zake, alihisi shingo ikinyooka.

Kisha ikaingia sauti ya juu. Jukwaani Nota aliisikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ukuta. Akaipandisha. Ikawa bado. Akaipandisha tena. Ukumbini ilitoka kama sindano. Watu walikunja nyuso, halafu wakainua mikono kuziba masikio. Nota alipoangalia mbele, taa zikimpiga machoni, aliona mikono mingi imeinuliwa hewani na vinywa vimefunguliwa. Akatabasamu. Tangu aanze kupiga, hakuwa amewahi kuona ukumbi unamshangilia namna ile. Akaisukuma sauti mpaka mwisho.

Chiriku alikuwa akilia, uso ameuficha kwenye tumbo la mama yake. "Mwambie baba aache! Mama, mwambie!"

Kijana wa mitambo ya sauti aliruka jukwaani akachomoa waya. Kukawa kimya, na kimya hicho Nota alikisikia. Kisha kikaja kicheko.

"Mzee, tulikukosea nini?" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Ulitaka tupelekwe hospitali?"

"Vyombo vyenu vibovu," Nota alimwambia kijana wa mitambo. "Sauti ya juu haitoki kabisa."

Kijana alimtazama ili ajue kama ni utani. Alipoona si utani, aliangalia chini, akaanza kukunja waya. Ni kule kuangalia chini ndiko Mwalimu alikokuona akiwa amesimama na mtoto mbele ya jukwaa. Aliitambua hali hiyo. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoangalia chini darasani, mwaka ule alipokuwa amemwadhibu mtoto mtundu kwa miezi, kisha ikagundulika kwamba mtoto hakuwa mtundu, alikuwa hasikii.

*

Asubuhi ya Jumapili Mwalimu aliweka kimashine mezani, akakiunganisha na spika ndogo.

"Simama pale. Tazama ukuta."

"Mimi si mtoto wa chekechea."

"Basi fanya kama mtu mzima anayetaka kunishinda. Ukisikia, inua mkono. Usiposikia, uache. Chiriku, na wewe simama karibu na baba, fanya hivyohivyo."

Nota alisimama, kwa dharau, mikono mifukoni. Mwalimu alikuwa amemwona akitunga mara nyingi kiasi cha kujua vitufe. Alibonyeza sauti ya chini kabisa. Mikono miwili ikainuka. Akapanda kidogo. Miwili. Akapanda. Miwili, ila wa Nota ulichelewa, kama mtu anayejibu swali kwa kubahatisha. Akapanda tena.

Mkono mmoja mdogo.

Akapanda. Mkono mmoja mdogo. Chiriku alianza kucheka akidhani anashinda. Mwalimu hakuacha kubonyeza. Nota, akiona ukimya umekuwa mrefu, aligeuka kuuliza kama mchezo umekwisha. Aliona mkono wa mwanawe hewani. Aliona kidole cha mkewe kimeganda kwenye kitufe. Akaja mezani, akaweka ncha ya kidole juu ya spika. Ilikuwa inatetemeka.

"Inalia?" aliuliza.

"Inalia."

"Tangu saa ngapi?"

"Haijanyamaza, Baba Chiriku."

Aliinua kidole, akakiweka tena. Kisha akakaa kwenye kiti bila kukitazama, na kiti kikamdaka kwa bahati. Chiriku alisogea akamwambia kitu. Nota aliitazama midomo ya mwanawe ikicheza, akaona kwamba hajui imesema nini, na kwamba hajui ni lini alijua mara ya mwisho.

"Anasema nini?" alimuuliza mkewe.

"Anauliza kama ameshinda."

*

Mpimaji wa masikio katika hospitali alimfungia kwenye chumba kidogo chenye ukuta wa sponji, akampigia milio, akatoka na karatasi yenye mstari ulioporomoka kama genge.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha magunia."

Mpimaji aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa njia anayoijua. "Wenzako huja. Huja wamechelewa, kama wewe. Kilichokufa humo ndani hakioti tena. Kilichobaki ndicho cha kulinda. Usikae kwenye kelele."

"Kelele ndiyo mshahara," Nota alisema.

Vilikuwepo vifaa vya kusaidia kusikia. Mwalimu aliuliza bei, akashukuru, akamshika mumewe mkono wakatoka. Nje ya lango ndipo alipolia, tena kwa hasira. "Miaka yote nikidhani unanidharau. Nikakununia, nikakunyamazia. Nilikuwa namnyamazia nani, na wewe husikii?"

Nota hakulidaka lote, lakini alidaka la kutosha. "Mimi nilidhani ni nyinyi mmeanza kunong'ona," alisema. "Nilidhani mnanificha mambo."

Kesho yake aliomba kuhamishiwa ghalani. Msimamizi alimsikiliza akizungusha kalamu.

"Ghalani hapana. Kule kuna magari ya kunyanyua mizigo, yanapiga honi. Usiposikia utakanyagwa, halafu ripoti niandike mimi."

"Basi nikae wapi?"

"Mtambo wako haupigi honi." Msimamizi alisema hivyo kwa upole kabisa, kama aliyempa zawadi.

Ikawa hivyo. Kiziwi hafai ghalani, anafaa palepale panapomfanya kiziwi. Nota alirudi kwenye mtambo. Siku iliyofuata alikuja na visikilizio vyake vikubwa vya masikioni, vya kurekodia, kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, akavivaa kichwani bila kuviunganisha na chochote, waya umetiwa mfukoni. Safu nzima ilicheka kwa mikono. Mmoja alimwigizia mtu anayesugua santuri. Msimamizi akaja mbio.

"Unasikiliza muziki kazini?"

Nota alivivua akamvika. Msimamizi alisimama katikati ya ngurumo ile, visikilizio kichwani, akisubiri muziki. Hakukuwa na muziki. Kelele tu, imepungua. Uso wake ulibadilika kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kulinganisha. Alivirudisha, akaenda zake. Baada ya siku chache Mzee Eeh naye alikuja na vyake, vibovu, upande mmoja umefungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyemcheka.

*

Kwenda kwa Risasi kulimshinda mara mbili. Alifika kwenye kona, akaona kibanda kina wateja, akarudi. Mwalimu alimwambia, "Hao wateja ndio unaowatafuta. Ulimtukana peke yake?"

Mara ya tatu alikwenda akasimama mbele ya meza. Risasi alikuwa akichokonoa feni. Hakusema karibu.

"Shemeji," Nota alisema.

Risasi aliendelea na feni.

"Nimekuja kuhusu lile neno."

"Neno gani?" Risasi alisema bila kuinua macho. "Sema vizuri. Siku ile ulilisema watu wakasimama. Leo unanong'ona?"

Nota hakujua kama ananong'ona au anapiga kelele. Hilo nalo lilikuwa limeanza kumponyoka. Akavuta pumzi. "Nilikuita mwizi. Hukuiba. Mashine ni nzima, kilichokufa ni masikio yangu. Wewe ulinirudishia sauti nne, mimi ndiye niliyepokea tatu."

Ilitoka kubwa mno. Muuza maji wa upande wa pili wa barabara aligeuka. Risasi aliweka bisibisi chini.

"Dada ameniambia," alisema, kisha, alipoona Nota anamtazama midomo, akarudia polepole zaidi. "Dada ameniambia. Nimekuonea huruma. Lakini nitakwambia ukweli, shemeji, huruma haijaondoa lile neno. Yule bwana wa pasi hajarudi. Anapita hapa kila siku, anapeleka vitu vyake mbele huko."

"Nitamfuata."

"Utamwambia nini? Kwamba wewe ni kiziwi? Ataelewa kwamba mimi ni mwizi na wewe ni kiziwi." Risasi alicheka, lakini si kicheko cha kumaliza ugomvi. "Nenda nyumbani. Nikipoa nitakuja."

Nota alimfuata yule bwana hata hivyo. Alimkuta akifunga duka lake la viatu, akamweleza. Bwana alimsikiliza kwa adabu, akasema amesikia, akamtakia afya njema. Kama aliwahi kurudisha pasi yake kwa Risasi, hakuna aliyemwona.

*

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, na hakuna aliyemlazimisha. Nota aliketi na mkewe nyuma ya pazia, akamfungulia rekodi moja ya zamani na moja ya mwaka huu, ya muziki uleule.

"Sema ukweli."

Mwalimu alisikiliza. Ya pili ilimfanya arudishe kichwa nyuma. "Hii inachoma," alisema. "Kama ukumbini. Kidogo kuliko ukumbini, lakini inachoma."

"Na hii?"

"Inachoma."

"Hii je?"

"Baba Chiriku... zote hizi za karibuni."

Kazi ya miaka miwili. Kaseti nyingine kati ya hizo zilikwisha kufa, na kilichobaki duniani ni hizo rekodi, zilizopotoshwa na yule aliyeapa kuzihifadhi. Nota alikaa mikono magotini. Angeweza kunyamaza. Waliosikiliza walikuwa wachache, na waliolalamika hakuna, pengine kwa adabu, pengine walidhani ndivyo mashine zake zilivyo. Jioni hiyohiyo aliwaandikia. Aliwaambia sauti ya juu katika rekodi hizo ni uongo, kwamba aliipandisha kwa sababu hakuisikia, wasiziamini. Akaziondoa. Mmoja alijibu kwa kejeli. Wengine walimwombea. Nota hakutaka maombi. Alitaka masikio.

"Mimi nitakusikilizia," Mwalimu alisema.

"Wewe huupendi muziki huu. Umeuita mbu miaka kumi."

"Mbu nitamsikia vizuri zaidi."

Walianza Jumapili kwa kaseti zilizokuwa bado hai, na ile mashine aliyoifufua Risasi. Haikwenda vizuri. Mwalimu alisema, "Punguza," Nota akapunguza, mkewe akasema, "Bado," Nota akasema haiwezekani, sasa imepotea kabisa, mkewe akasema, "Imepotea kwako." Neno hilo liliwauma wote wawili. Wakaanza upya. Chiriku aliingia na kutoka, akaambiwa akae, akakaa chini ya meza.

Mlango ulikuwa wazi. Risasi alisimama kizingitini bila kubisha hodi, mfuko wa vifaa begani. Dada yake alimwona, Nota hakumsikia. Risasi alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Bado iko juu," alisema.

"Nimemwambia," Mwalimu alisema.

Nota aligeuka. Risasi hakumpa mkono. Alivuta ndoo akaikalia karibu na mlango, kama mtu asiyekusudia kukaa, akaonyesha kwa kidole chake chenye makovu ya kichomeo: chini. Nota akapunguza. Chini tena. Akapunguza. Masikioni mwake wimbo ulikuwa umebaki uzi, kisha kivuli cha uzi. Alitamani kuurudisha. Mkono wenyewe ulitaka kuurudisha.

"Chini," Risasi alisema.

Akapunguza mpaka wimbo ukaondoka. Hakikubaki kitu isipokuwa besi, mchanga, na ile sauti ya pili ikienda peke yake. Aliwatazama. Mwalimu alikuwa amefumba macho, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu waanze, haukukunjamana. Risasi aliinua kiganja.

"Hapo," walisema pamoja. Nota aliliona neno hilo kwenye midomo yao wote wawili.

Alirudisha wimbo mwanzo, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaondoa mikono yake yote mezani na kuikumbatia kifuani ili isiguse kitu. Chiriku alitoka chini ya meza na kuanza kurukaruka, akiufuata wimbo unaopanda na kushuka, na baba yake akamkazia macho mpaka ulipokwisha.